Kutoka Lamu hadi fiodi za Norwe: namna ya kuishi ndani ya meli ya kitalii kwa juma moja

Tangu mimi na mamangu turudi kutoka safari ya fiodi za Norwe, tuliyoalikwa na dada yangu anayeishi Ujerumani, nimeulizwa barazani maswali yale yale mara nyingi, hata nikaona afadhali niyaandike majibu yake kwa mpangilio. Mwongozo huu ni wa mtu wa pwani yetu, wa Lamu hasa, aliyepata mwaliko au aliyejiwekea akiba, na anayekusudia kupanda meli kubwa ya kitalii kwa juma moja hivi kati ya Mei na Septemba, miezi ambayo meli nyingi za namna hiyo huzuru fiodi. Niseme mapema jambo linaloongoza mengine yote: fiodi haionekani mezani wala kitandani. Huonekana ukiwa umesimama nje sitahani, mara nyingi asubuhi na mapema, kwa muda wa saa moja au mbili, kisha meli hutia nanga na kinachobaki ni mji. Kwa hiyo kila hatua, tangu viza hadi soksi, ipangwe ili ikufikishe pale sitahani wakati ule, ukiwa macho, mkavu, na tumbo limetulia.

Fahamu kwanza unakokwenda

Fiodi ni mkono wa bahari ulioingia ndani ya bara baina ya milima. Zama za baridi kali, mito mikubwa ya barafu iliteremka polepole kutoka milimani ikichimba mabonde, na barafu ilipoyeyuka bahari ikaingia na kuyajaza. Sisi tumezoea mikono ya bahari kama ule wa Mkanda, baina ya Manda na bara, ambamo chombo kilikuwa kikisubiri maji yajae ndipo kipite. Huko mambo ni kinyume. Sognefjord, iliyo ndefu kuliko zote nchini Norwe, ina urefu wa takribani kilomita 205 na kina kinachofikia mita 1,308, na ajabu yake ni kwamba mdomoni, inapokutana na bahari kuu, maji ni machache kuliko ndani, kwa sababu barafu ilichimba zaidi kule bondeni na kuacha kizingiti cha mwamba mlangoni. Ndiyo maana meli yenye abiria elfu kadhaa huweza kupita karibu na jabali bila kugusa chini, na kwa kuwa ardhi huyakinga, maji ya ndani mara nyingi huwa shwari hata siku ambayo bahari ya nje imechafuka.

Hutaona mikoko, wala mchanga, wala mahali pa kupweleza mashua. Mamangu, aliyekuwa ameegemea uzio wa sitaha akilitazama jabali lililoshuka wima hadi likazama majini, aliniambia, "Mwanangu, hawa watu hawana pwani." Nilidhani anatania, lakini alikuwa akilichukua neno kwa asili yake: pwani ni mahali ambapo maji hupwa, na pale hapakuwa na kitu cha kubaki wazi maji yakipwa, isipokuwa mstari mweusi wa unyevu juu ya mwamba.

Chagua bandari ya kupandia kabla ya kuchagua meli

Watu wengi huanza kwa kutazama picha za meli, mabwawa yake ya kuogelea na kumbi zake. Mwenye pasipoti ya Kenya aanze na bandari, kwa kuwa bandari ndiyo itakayoamua ni viza ngapi atakazohitaji. Safari nyingi za fiodi huanzia Southampton huko Uingereza, na nyingine huanzia Hamburg, Kiel au Copenhagen. Ukipandia Southampton utahitaji viza ya Uingereza pamoja na viza ya Schengen (viza moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya), yaani maombi mawili, ada mbili na wasiwasi mara mbili. Ukipandia Ujerumani au Denmark, viza ya Schengen peke yake hutosha, kwa kuwa Norwe, ingawa si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, imo katika eneo la Schengen. Sisi tulipandia Kiel.

Hata hivyo, soma ratiba yote bandari kwa bandari. Baadhi ya safari zinazoanzia Ujerumani hupitia Edinburgh au Lerwick, na hizo ni ardhi za Uingereza. Hapo utakuwa umetoka katika eneo la Schengen na kurudi tena, kwa hiyo viza yako ya Schengen lazima iwe inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja, na ya Uingereza nayo uwe nayo. Kampuni ya meli haitakutafutia viza, na huna haki ya kurudishiwa nauli ati kwa sababu hukujua.

Maombi ya Schengen hupokelewa mapema kabisa miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla yake, lakini mtu wa Lamu asikubali kuifikia hiyo siku ya mwisho. Alama za vidole huchukuliwa Nairobi, nawe mwenyewe lazima uwepo, na kutoka kwetu hadi huko ni ndege ya Manda au ni boti ya Mokowe na basi la usiku. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibakiwe na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa 2 tupu. Bima ya matibabu iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Maombi hupelekwa kwa nchi ambayo utakaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa nchi utakayoingia kwanza. Kwa kuwa sisi tulikusudia kukaa na dada yangu wiki mbili baada ya kushuka melini, tuliomba Ujerumani, na barua ya mwaliko ikaeleza wazi kwamba kabla ya wiki hizo tungekuwa baharini kwa juma moja.

Ukiwa bado unachagua, hakikisha ratiba inazitaja kwa majina fiodi unazozitaka. Geirangerfjord na Nærøyfjord ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2005, miaka minne baada ya mji wetu wa kale wa Lamu, na kwa sheria ya Norwe meli za abiria zinatakiwa zisitoe hewa chafu ndani ya fiodi hizo: meli zisizofikia tani 10,000 kuanzia mwaka 2026, na zile kubwa kuanzia mwaka 2032. Baadhi ya kampuni zitabadilisha njia. Tangazo lisemalo "fiodi za Norwe" bila kutaja hata moja lichukulie kwa tahadhari.

Kabini

Kabini ziko za namna tatu: za ndani zisizo na dirisha, zenye dirisha la kioo, na zenye roshani. Bei hupanda kwa mpangilio huo huo. Ushauri wangu ni kwamba mtu mwenye miguu mizima asilipie roshani, kwa sababu roshani hukuonyesha upande mmoja tu wa fiodi, ilhali sitaha ya juu ni bure na hukupa pande zote mbili. Mzee, au mtu asiyestahimili baridi, huyo roshani itamfaa, na pesa zake hazikupotea. Kabini ya ndani ina heri moja isiyotajwa sana: ni giza totoro, na katika nchi ambayo mwishoni mwa Juni jua hutua baada ya saa tano usiku na kuchomoza karibu na saa kumi alfajiri, giza ni kitu cha thamani.

Kuhusu mahali pa kabini, mtu aliyewahi kupanda jahazi wakati wa kusi hahitaji kufundishwa. Omo hupanda na kushuka, tezi nayo hivyo hivyo, lakini katikati ya chombo, karibu na maji, mtikisiko ni mdogo. Basi omba kabini ya katikati, kwenye sitaha za chini.

Nguo, na vitu vya kuacha nyumbani

Usitafute koti moja nene la kukumaliza. Vaa tabaka tatu: ndani nguo nyembamba ya kubana mwili, isiwe ya pamba, kwa sababu pamba ikilowa hukaa na maji; katikati sweta la sufu; juu koti jepesi lisilopitisha maji wala upepo. Katikati ya mchana wa Julai utavua mawili, na asubuhi sitahani utayavaa yote matatu pamoja na kofia ya sufu na glavu, maana meli yenyewe inatembea na hutengeneza upepo wake hata pasipo na upepo. Mamangu alivaa buibui lake juu ya tabaka mbili za mwanzo, na koti la mvua juu ya buibui, na hakutetemeka. Viatu viwe vyenye soli isiyoteleza, kwa kuwa sitaha hulowa umande.

Mizigo hupitishwa kwenye mashine kama uwanja wa ndege. Pasi ya umeme, jiko la kuchemshia na mishumaa huzuiwa, na udi na ubani huhesabiwa pamoja na mishumaa, kwa hiyo chetezo kibaki Lamu. Chukua adapta ya umeme, kwa sababu plagi zetu za miguu mitatu haziingii katika matundu ya Ulaya wala ya Marekani, na meli nyingi zina aina hizo mbili tu. Dawa unazotumia kila siku zikae katika mkoba wa mkononi, si katika begi kubwa, kwa kuwa begi hilo hupokelewa gatini na huenda lisifike kabini hadi jioni.

Na usisahau chupa ndogo ya maji yenye mdomo mwembamba. Vyoo vya meli hunyonya kwa hewa, vina karatasi tu, na mtu wa kwetu asiyejiandaa atahangaika na glasi ya kupigia mswaki. Sina haja ya kueleza zaidi.

Siku ya kupanda

Ukishaonyesha pasipoti na tikiti utapigwa picha na kupewa kadi moja ambayo ni ufunguo wa kabini, ni kitambulisho cha kutokea na kurejea, na ni pochi pia. Fedha taslimu hazitumiki ndani ya meli. Kila unachonunua huandikwa katika akaunti yako, na akaunti hiyo huunganishwa na kadi ya benki, ambayo kampuni huizuilia kiasi fulani cha pesa tangu siku ya kwanza. Uliza benki yako kabla ya kuondoka ikiwa kadi yako inakubali kuzuiliwa pesa kwa namna hiyo, kwani kadi za kulipia kabla huweza kukataliwa. Uliza vilevile kuhusu bahashishi. Meli nyingi hukata bahashishi ya wahudumu kwa kila mtu kwa kila siku bila kukuuliza, na mwisho wa juma hesabu ya watu wawili si ndogo.

Kabla ya meli kung'oa nanga, au mara tu inapoondoka, kutakuwa na zoezi la dharura. Hili si la hiari, ni sharti la kimataifa, na lilikazwa baada ya meli ya Costa Concordia kugonga mwamba huko Italia mwaka 2012, kabla baadhi ya abiria wake hawajafanyiwa zoezi. Ishara ni milio saba mifupi ya honi ikifuatwa na mmoja mrefu. Jua kituo chako cha kukusanyikia, ambacho herufi yake huandikwa kwenye kadi, kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: tembea kwa miguu kutoka kabini hadi kituoni kwa ngazi, si kwa lifti, ukihesabu milango. Sisi wana wa bahari tuna kiburi fulani katika mambo haya, na mimi nilikuwa nikitabasamu wakati mhudumu akimfunga mamangu jaketi la kuokoa maisha, mpaka mamangu aliponikumbusha kwa sauti ya chini idadi ya jamaa zetu waliotoka na boti bila jaketi wasirudi. Nikaacha kutabasamu.

Saa

Hapa ndipo tulipokaribia kuharibikiwa. Meli huandika saa kwa mtindo wa tarakimu 24. Kwa mtu anayehesabu saa Kiswahili, 16:30 ni saa kumi na nusu jioni, na akili ikichoka huweza kuigeuza kuwa kitu kingine. Karatasi ya ratiba ya kila siku, inayoletwa kabini usiku au kuonekana katika programu ya simu, ina saa mbili tofauti: saa ya abiria wote kuwa ndani, na saa ya meli kuondoka. Ya kwanza hutangulia ya pili kwa nusu saa hivi, na ndiyo ya kuishika. Mimi huko Bergen nilishika ya pili, nikimwambia mamangu kwamba bado tunao wakati, kwa mazoea ya boti zetu zisizoondoka mpaka zijae. Tulifika gatini tukihema, mabaharia wameshashika kamba za ngazi, na ofisa mmoja akitazama saa yake bila kusema neno. Meli haimsubiri mtu anayetembea peke yake. Humsubiri, kwa kawaida, yule aliyetoka kwa matembezi yaliyouzwa na meli yenyewe, na hiyo ndiyo sababu pekee ya maana ya kununua matembezi hayo ghali.

Andika saa ya kurudi kwa Kiswahili juu ya kiganja ikibidi. Kumbuka pia kwamba majira ya kiangazi saa za Norwe ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Simu nayo iweke katika hali ya ndege mara meli inapoondoka, kwa sababu ikishika mtandao wa meli bili yake itakufuata hadi mtaa wa Langoni, Lamu. Intaneti ya meli hununuliwa kwa kifurushi, na milima ya fiodi huikatakata.

Sala na chakula

Muislamu asiyejipanga kabla ya kuondoka atapata taabu mbili, ya wakati na ya kibla. Mwishoni mwa Juni maghribi huingia baada ya saa tano usiku, na wekundu wa mbingu haupotei kabla ya alfajiri kuanza kuonekana, kwa hiyo alama ya isha tunayoijua haipatikani. Wanazuoni wamelizungumza jambo hili na wana rai zaidi ya moja. Muulize shekhe wako angali karibu, pamoja na hukumu za msafiri za kupunguza na kukusanya sala, kisha ushike rai moja usiyumbe. Ama kibla, sisi wa Lamu tumezoea kuelekea kaskazini, hata mabaharia wetu huliita kaskazini "kibla" bila kufikiri. Ukiwa magharibi ya Norwe kibla kiko kusini-mashariki, na meli nayo hugeukageuka ndani ya fiodi, basi chukua dira na uitazame kila wakati, wala usidhani kwamba ukuta ulioelekea adhuhuri utafaa tena alasiri.

Chakula kipo kingi mno, katika bufee na katika ukumbi wa kukaa mezani. Mahitaji ya halali yaombwe kwa maandishi wakati wa kukata tikiti, yaani miezi kabla, kisha yakumbushwe kwa msimamizi wa ukumbi siku ya kwanza. Meli nyingine zina nyama ya halali, nyingine hazina. Samaki, mayai, wali na mboga hupatikana daima, ila uulize kuhusu mchuzi, kwa kuwa mvinyo hutiwa katika michuzi mingi na vipande vya nguruwe hunyunyizwa hata juu ya saladi. Nawa mikono kwa sabuni kila uingiapo, usitosheke na dawa ile ya kupakaza mlangoni, maana ugonjwa wa kuhara na kutapika huenea haraka palipo na watu wengi na vijiko vya pamoja. Pilipili chukua yako.

Usiku wa bahari ya nje

Baina ya Kiel na fiodi kuna Skagerrak na sehemu ya Bahari ya Kaskazini, na huko hata Julai mawimbi yapo. Dawa ya kuzuia kulewa bahari imezwe kabla meli haijaanza kuyumba. Ukishaanza kutapika umechelewa. Mzee anayetumia dawa za presha amuulize kwanza daktari au mwenye duka la dawa, na kila mtu ajue kwamba nyingi ya dawa hizi huleta usingizi. Kula kidogo, kitu kikavu, tafuna tangawizi, na utazame upeo wa macho badala ya simu. Daktari yumo melini lakini hutoza, na bili yake huingia katika akaunti, kisha wewe ndiwe wa kuidai bima.

Asubuhi ya fiodi

Usiku wa kuamkia Geiranger, tazama katika ratiba saa ya kuingia katika fiodi, si saa ya kufika tu. Ikiwa karatasi haisemi, muulize mtu wa mapokezi. Kama meli inafika saa mbili asubuhi, basi inaingia Geirangerfjord karibu na saa moja, na fiodi mama, Storfjord, huanza saa kadhaa kabla. Rubani, kwa maana ya kwanza ya neno hili, yaani yule mwenyeji anayezijua njia za maji, anakuwa ameshapanda kumsaidia nahodha. Lala mapema, andaa nguo kitini, na uwe sitahani nusu saa kabla ya umati.

Simama omoni ikiwa meli inafungua sitaha ya mbele, ama sivyo sitaha ya juu kabisa. Geirangerfjord ina urefu wa kilomita 15. Ukiingia, maporomoko ya Dada Saba yatakuwa kushoto kwako, nayo huanguka takribani mita 250, na upande wa pili, kulia, yako maporomoko ya Mposaji. Wenyeji husimulia kwamba aliwaposa dada wote saba wakamkataa, akaishia katika ulevi, na kweli maji yake yamegawanyika juu ya mwamba mfano wa chupa. Mamangu aliyahesabu kwa kidole, kikombe cha chai kikifuka mkono wa pili. "Mbona nne?" Nilimweleza kwamba maji haya ni ya theluji inayoyeyuka, na kadiri kiangazi kinavyosonga ndivyo baadhi ya dada wanavyokauka. Anayetaka kuwaona wote saba aje Mei au Juni. "Watatu wameshaolewa," akasema, akanywa chai yake.

Tazama juu pia. Kwenye vibaraza vya mwamba, mamia ya mita juu ya maji, zipo nyumba za mashamba yaliyohamwa: Knivsflå upande wa Dada Saba na Skageflå ng'ambo yake. Watu waliishi pale na mbuzi wao, na husimuliwa kwamba mtoza kodi alipokaribia, ngazi ilivutwa juu. Si hadithi zote za milima ile ni za kuchekesha. Mwaka 1934, katika Tafjord iliyo jirani, kipande cha mlima kiliporomoka majini na wimbi lake likaua watu 40.

Picha piga chache, mwanzoni, kisha weka simu mfukoni. Kioo cha simu hakina namna ya kukuonyesha urefu wa mlima ulio juu ya kichwa chako, na mimi nina picha mia mbili za maji ya kijivu kuthibitisha hilo. Sikiliza badala yake: injini hupunguzwa, na sauti ya maporomoko hukufikia kabla hujayaona.

Kushuka

Geiranger ni kijiji kidogo, na mara nyingi meli hutia nanga katikati ya maji na kuwashusha abiria kwa boti zake. Namba za foleni hugawiwa ukumbini. Shuka mapema kabisa au subiri hadi saa nne asubuhi, lakini katikati usijisumbue. Si lazima ununue matembezi: kutoka gatini kuna njia ya ngazi inayopanda kando ya maporomoko ya kijiji, haina malipo. Na kwa kuwa sisi tunajua ladha ya kupigwa picha mlangoni kwetu na wageni wasiobisha hodi, usiingie ua wa mtu.

Flåm iko mwisho wa Aurlandsfjord, tawi la Sognefjord. Hapo uchaguzi ni mmoja kati ya miwili. Treni ya mlimani hupanda kilomita 20 kutoka usawa wa bahari hadi Myrdal, mita 866 juu, na husimama penye maporomoko ya Kjosfossen watu washuke na kulowa. Tikiti zake huisha mapema, basi zikatwe miezi kabla. Au panda boti ndogo hadi Gudvangen kupitia Nærøyfjord, ambayo mahali pembamba zaidi ina upana wa mita 250 tu. Mimi ningechagua boti tena.

Bergen ina mvua zaidi ya siku 200 kwa mwaka, kwa hiyo koti lisibaki kabini hata jua likiwaka. Nyumba za mbao za Bryggen, zilizojengwa upya baada ya moto wa mwaka 1702, zimo katika urithi wa dunia tangu 1979. Pita katika vichochoro vyake, utaona vinabana kama vya mtaa wa Mkomani, Lamu, ila vinanuka lami na mbao badala ya punda.

Usiku wa mwisho

Mizigo mikubwa hutakiwa iwekwe nje ya mlango wa kabini kabla ya saa sita usiku, ikiwa na vibandiko vya rangi, nawe huioni tena hadi gatini. Kagua akaunti yako usiku huo huo, wakati foleni ya mapokezi ni fupi, na kosa lolote lisahihishwe kabla hujashuka. Bakiza katika mkoba wa mkononi pasipoti, dawa, chaja, na nguo kamili za asubuhi, nguo kamili maana yake pamoja na viatu. Mamangu alifunga vyake katika begi kwa unadhifu wake wa siku zote, akavigundua havipo wakati tunaitwa kushuka, na aliteremka ngazi ya meli huko Kiel, nyuzi joto 14, na kandambili zake za bafuni.